Kabati la Upepo na Pamba Niliyoishindilia

Upepo nimeujua kabla sijajua kuandika jina langu, na jina langu nilijifunza kuliandika nikiwa tayari na ndevu. Shule nilikwenda madarasa mawili. La tatu baba alinitoa nikachunge ng'ombe, huko upande wa Bujora, na sikurudi. Sisemi hivi ili nionewe huruma. Nyumba yangu ya Mabatini nimeijenga mwenyewe, tofali kwa tofali, na waliosoma waliokuja kupanga kwangu ni wengi. Nasema ili anayesoma ajue habari hii anaipata kwa mtu wa namna gani. Kuna mtu nilimwacha aingie kwenye ugonjwa na mimi nikijua. Sikumsukuma wala sikumlisha kitu. Nilinyamaza tu.

Kazi yangu ya kwanza mjini Mwanza ilikuwa kwenye kinu cha kuchambua pamba. Pale pamba haibebwi kwa mikono kutoka ghalani kwenda kwenye mashine. Inanyonywa. Feni kubwa inavuta, na pamba inaruka ndani ya bomba la bati kama kundi la ndege. Mimi nilikuwa mtu wa kuzibua. Bomba likikabwa, unasikia mlio wa feni unabadilika, unapanda juu, unakuwa mkali. Mgeni akisikia hivyo anadhani feni imepata nguvu. Kumbe inazunguka bure, haina inachobeba, kama punda aliyetuliwa mzigo. Pale nilijifunza pia kutumia mgongo wa mkono: unaulowanisha kwa mate, unausogeza kwenye mdomo wa bomba, na ile baridi ya mate inakwambia hewa inakwenda wapi na ina haraka kiasi gani. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilikaa na bomba miaka mingi, nikajua.

Ndiyo maana hospitali moja pale mjini iliponitaka, katika ile miaka ya Ujamaa, hawakuniuliza vyeti. Walikuwa na maabara ya kupima kifua kikuu na ndani yake kabati moja la chuma ambalo kila fundi aliyeliona alitikisa kichwa akaenda zake. Sisi tuliliita kabati la upepo.

Nilieleze, maana kila kitu kilitokea kwa ajili yake. Ni sanduku refu, lina kioo mbele kilicholala kidogo, na chini ya kioo pameachwa uwazi wa kuingiza mikono miwili. Juu ndani kuna chujio, juu ya chujio kuna feni, juu ya feni kuna bomba linalotoboa paa. Mpimaji anakaa kwenye kiti mbele ya kioo, anaingiza mikono, anafungua vichupa vya makohozi ya wagonjwa. Kichupa kikifunguliwa, kuna kitu kinaruka ambacho jicho halikioni. Feni inavuta hewa ya chumbani, hewa inampita mpimaji kifuani na chini ya makwapa, inaingia kwenye ule uwazi, inazoa kila kilichoruka, inapanda nacho. Chujio linakamata vijidudu, hewa iliyobaki inatoka juu ya paa. Mlango hakuna. Mlango ni huo upepo unaoingia. Ukiwa na nguvu, kifua kikuu kinabaki ndani. Ukilegea, kinatoka na kumkuta aliyekaa.

Nililielewa siku ya kwanza, maana mama yangu alipepeta mtama maisha yake yote akiwa ameupa upepo mgongo. Mwanamke anayepepeta huku upepo unamjia usoni huyo anakula makapi.

Mpimaji alikuwa Mhaya, mwana wa Bukoba, kijana kuliko mimi kwa miaka kama minane, amesomea ng'ambo. Tulimwita Bwana Mtaalamu. Shikamoo hakunipa hata siku moja. "Habari, fundi," basi, huku anaangalia saa. Alikuwa na sheria kama msikiti. Akiwa ameingiza mikono ndani, mtu asipite nyuma yake. Mlango usifunguliwe. Pangaboi lizimwe, hata kama jasho linatuingia machoni. Mikono yake mwenyewe aliiingiza polepole na kuitoa polepole, kama mtu anayeiba mayai chini ya kuku, maana mkono ukiutoa kwa haraka unatoka na hewa ya ndani. Mfagiaji akipita na ndoo alimfokea mpaka ndoo inamponyoka. Na ukweli niuseme: kila alichofokea alikuwa na haki nacho. Hilo ndilo lililokuwa linaniudhi.

Siku moja nilifungua juu kusafisha feni. Wale wadudu wa ziwani, wanaopanda kutoka majini kama moshi mweusi, walikuwa wameingia kwa bomba la paani na kujaa. Nilipokuwa narudisha chujio, yeye akaingia na wauguzi watatu waliokuja kufundishwa. Akasimama chini ya ngazi.

"Fundi, umeliweka upande gani?"

"Kama nilivyolikuta."

"Pembeni pameandikwa. Soma."

Nikaangalia. Kiingereza kitupu. Wauguzi wananitazama, mmoja kashika mdomo.

"Soma, fundi, tusikie."

"Hiyo lugha sijui."

"Basi usiguse kitu usichoweza kukisoma," akasema, na akawageukia wauguzi. "Mnaona? Ndiyo nchi yetu. Chombo kimetoka Ulaya kimemkuta mtu wa kuzibua pamba."

Wakacheka. Nilishuka kwenye ngazi na chujio mikononi. Lilikuwa upande sahihi, hata yeye aliliona hilo, ila hakusema. Nami nikaweka neno lake moyoni, kama mtu anayeweka mbegu ya msimu ujao.

Chujio lile likafika mwisho wake. Vita vya mpakani vilikuwa vimekwisha juzi tu, dukani sabuni ilipatikana kwa foleni, na barua ya kuomba chujio jipya ilirudi na jibu moja: fedha za kigeni hakuna. Bwana Mtaalamu akasema maabara ifungwe. Mkuu wetu wa hospitali, ambaye pia ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa tawi la chama pale kazini, akasema hakuna cha kufunga. Akaniita ofisini.

"Wewe ulikuwa kwenye kinu."

"Ndiyo, mzee."

"Tumezungukwa na pamba toka hapa mpaka Shinyanga. Pamba haiwezi kuchuja?"

"Inachuja."

"Basi tutengenezee chujio. Kujitegemea ni hivyo, siyo hotuba."

Nikatengeneza. Fremu ya mninga, wavu wa nyaya pande mbili, katikati pamba iliyochambuliwa, nimeipanga tabaka kwa tabaka kama mtu anayetandika godoro la mwali. Mara ya kwanza niliweka pamba ya kiasi. Nikawasha, nikaweka mgongo wa mkono: linavuta vizuri. Bwana Mtaalamu akaja, akainua fremu kwenye mwanga wa dirisha.

"Naona jua kupitia hapa, fundi. Jua likipita, kijidudu hakipiti? Hiki ni chandarua cha mbu. Ongeza."

"Nikiongeza itakaba."

"Nani kakuuliza? Ongeza."

Hapo ndipo nilipofanya. Nikaenda nayo karakana, nikafungua, nikajaza pamba mara tatu. Nikapanda juu yake na viatu, nikaishindilia kama watu wanavyoshindilia robota la pamba. Unataka kuchuja? Chukua. Nikarudisha, nikawasha. Feni ikapiga ule mlio wa juu ninaoujua. Nikalowanisha mkono nikauweka kwenye uwazi. Hamna kitu. Palikuwa na pumzi kidogo tu, kama ya mtoto aliyelala. Kabati lilikuwa limekufa huku linaimba.

Ningeweza kuitoa nusu ya pamba. Ilikuwa kazi ya saa moja. Nilikunja vifaa vyangu nikaenda kula.

Kesho yake mkuu akaja na msafara. Wazee wa tawi, wauguzi, mpiga picha wa mtaani. Akasimama mbele ya kabati, akanyamazisha watu.

"Sikieni linavyonguruma! Kabla ya hapo lilikuwa linanong'ona. Hii ni pamba ya wakulima wetu, hii ni mikono ya mtu wetu, darasa la pili!"

Wakapiga makofi. Nilipewa cheti chenye muhuri, nikafanywa mkuu wa karakana, na watu wanne wakawa chini yangu, wawili kati yao wamemaliza darasa la nane. Mke wangu alikitundika kile cheti ukutani juu ya redio. Nilikuwa nalala nakitazama. Sikuwa na aibu yoyote. Mtu atakayesema alikuwa na aibu kwa siku kama ile anaongopa.

Bwana Mtaalamu alikuwa hajapiga makofi. Siku ya tatu akanifuata karakana.

"Fundi, kabati halivuti."

"Unalisikia linavyolia."

"Nimefunga uzi kwenye mdomo wake. Njoo uone."

Nikaenda. Alikuwa amening'iniza uzi mwepesi katikati ya uwazi. Kabati likivuta, uzi ulale kuelekea ndani. Uzi ulisimama wima kama mtu aliyeitwa polisi.

"Sasa?" akasema.

"Sasa nini? Wewe ndiye uliyesema niongeze."

"Nilikosea. Punguza."

Nawaambieni, alisema hivyo. Neno hilo, nilikosea, lilitoka kwenye mdomo ule. Ningekuwa mtu mwingine ningelishika hapo hapo tukayamaliza. Lakini nilikuwa na cheti.

"Leta maandishi kutoka kwa mkuu," nikamwambia. "Mimi sigusi kitu nisichoweza kukisoma."

Akageuka, akaenda zake. Kweli akaandika. Mkuu akaniita, akanionyesha barua, kurasa mbili.

"Huyu nshomile wako anasema chujio letu ni bovu." Nshomile ni neno la kwao la kusema nimesoma, na mjini tulikuwa tumeligeuza la kuwachekea. "Anataka tulijaribu kwa moshi mbele yangu. Wewe unasemaje?"

"Tujaribu, mzee. Ila asubuhi wana kazi nyingi. Tufanye saa tisa."

Saa tisa niliichagua mimi. Mtu aliyekaa Mwanza anajua: asubuhi upepo unatoka nchi kavu kwenda majini, na alasiri ziwa linaurudisha. Maabara ilikuwa na dirisha upande wa ziwa, na kabati lilikuwa ukuta wa pili, upande wa mlima, uso wake umetazama dirisha. Asubuhi, dirisha likiwa limefungwa, pale ndani hewa imesimama. Alasiri, ukilifungua, upepo wa ziwa unaingia moja kwa moja kwenye mdomo wa kabati, hata kama feni umeing'oa ukaiuza.

Tukakutana saa tisa. Joto lilikuwa kali, mkuu alikuwa mnene na koti lake la suti limemlowa mgongoni. Nikaenda dirishani.

"Mzee, nikufungulie upate hewa?"

"Fungua, fungua, tunapikwa humu."

"Usifungue!" Bwana Mtaalamu akaruka. "Dirisha likiwa wazi jaribio si jaribio!"

"Kwani kabati linaogopa dirisha?" mkuu akauliza. "Fungua, fundi."

Nikafungua lote. Mapazia yakainuka. Bwana Mtaalamu alikuwa ameshika kijiti cha ubani, akakiwasha, akakishika mbele ya uwazi. Moshi ukanyooka, ukaingia ndani ya kabati wote, hata chembe haikubaki nje. Na ule uzi wake ukalala ndani kama umevutwa na mkono.

"Mbona linavuta?" mkuu akasema.

"Huo ni upepo wa ziwa, mkuu! Fungeni dirisha mtaona!"

"Aa. Ziwa nalo lina makosa? Tulihamishe?"

Watu wakacheka, mimi nikiwa wa kwanza. Bwana Mtaalamu akajaribu kulifikia dirisha mwenyewe, mzee mmoja wa tawi akamshika bega, akamwambia, "Baba, elimu ni nzuri, lakini usiifanye ugonjwa." Bwana Mtaalamu akanigeukia mimi. Sijasahau alivyonigeukia. Hakukuwa na dharau tena machoni.

"Fundi, sema. Wewe unajua hewa. Linavuta au halivuti?"

Chumba kizima kikaningoja.

"Linavuta," nikasema.

Mkuu akafunga jambo: kabati ni zima, na mtu atakayekataa kulifanyia kazi ahesabiwe mhujumu, na wakati ule neno mhujumu lilikuwa na mlango wa gereza nyuma yake. Kesho yake asubuhi Bwana Mtaalamu alikaa kwenye kiti. Alijifunga kitambaa cha shashi mara nne usoni na kuendelea na vichupa. Vilikuwa vinatoka Ukerewe, Sengerema, Magu, vijiji vyote vile vipya ambako watu walikuwa wamesogezwa pamoja nyumba kwa nyumba na kukohoa kumeongezeka. Yeye asingeacha kuvipima. Ningekuwa mimi, ningejifanya mgonjwa wa tumbo.

Kitambaa hakizuii kitu kile. Nilijua, naye alijua zaidi yangu.

Zikapita mvua za vuli na za masika. Siku moja akaja karakana na mkanda wa suruali mkononi.

"Fundi, nitobolee tundu moja. Umekuwa mrefu."

Nikaupigia msumari, nikamrudishia. Baada ya wiki kadhaa akaja tena. "Moja tena." Nikapiga. Alikuwa anakohoa kwa adabu, amegeuka pembeni, mdomo kwenye kiwiko. Alipokuja kwa tundu la tatu aliuweka mkanda mezani tu na kusimama. Nilipima kwa kidole kutoka tundu la mwanzo. Watu wangu wanne walikuwa wanaangalia. Nikamtania, Mungu wangu, nikamtania: "Bwana Mtaalamu, ndizi za kwenu haziji siku hizi?" Akatabasamu. Nikapiga msumari.

Makohozi yake aliyapima mwenyewe, kwenye hadubini yake, akaandika jibu kwenye daftari kwa mwandiko ule ule wa wagonjwa wengine, akafunga chumba, akajipeleka wodi ya kifua. Hayo niliambiwa na muuguzi.

Mkuu akaitisha mkutano. Alisema ndugu yetu amepata maradhi, tumwombee, lakini inasemekana alikuwa mtu wa kilabu cha pombe, na kule watu wanapokezana kibuyu kimoja. Mtu yule hakunywa hata bia. Kanisani alikuwa mshika sadaka. Watu waliinamisha vichwa wakakubali, maana kukubali kulikuwa rahisi. Kisha mkuu akaniita mbele.

"Kwa kuwa kabati letu limethibitika, mkoa unataka manne kama hilo kwa hospitali nyingine. Fundi wetu atayajenga, na kila moja litachongwa jina lake."

Makofi tena. Nikarudi karakana, sikuweza kushika nyundo. Msidhani ni huruma. Kwanza ilikuwa hivi: manne, na jina langu limechongwa kwenye bati. Maisha yangu yote sijawahi kuuza ndoo inayovuja. Atakuja fundi mwingine siku moja, mtu wa mkono kama mimi, alowanishe mgongo wa mkono, asome jina, aseme huyu alikuwa mjinga. Au aseme alikuwa muuaji. Mwaka mzima Bwana Mtaalamu nilimchukulia kama adui niliyemnasa. Makabati manne, kila moja na mtu wake kwenye kiti, na hao wengine sikuwa na ugomvi nao.

Nikaenda wodini. Wageni hawakuingizwa, unasimama nje, unaongea kwa dirisha lenye nyavu. Akaletwa kwenye kiti. Shingo ilikuwa imebaki kamba tupu.

"Habari, fundi."

"Kabati halivuti," nikamwambia.

Akasogeza uso karibu na nyavu.

"Halijavuta tangu siku nilipoongeza. Nilipima kwa mkono. Nilijua."

"Siku ya moshi ulijua?"

"Saa tisa niliichagua mimi."

Akatazama mikono yake. Nilitegemea anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, hata ya Kihaya. Akasema, "Nenda ukamwambie mkuu."

Nikaenda siku ile ile. Nikamwambia mkuu wazi: pamba nimeishindilia kupita kiasi, hewa haipiti, ule mlio ni wa feni iliyokabwa, dirisha ndilo lililobeba moshi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Wewe umesoma wapi mambo ya hewa?"

"Sikusoma. Najua."

"Unajua kwa mkono wenye mate." Akacheka, si kwa ubaya, kama anavyochekwa mtoto. "Fundi, usitishwe na wasomi. Yule ameanza kukulisha maneno kupitia dirishani, nimeambiwa ulikuwa huko. Kajenge makabati."

"Mzee, mimi ndiye niliyelitengeneza!"

"Na cheti ulipewa kwa hilo. Unataka nikuandikie kwamba cheti ni cha uongo? Halafu mimi niitwe nani?"

Nikarudi kwenye dirisha la nyavu na hasira zangu. Nikamweleza. Bwana Mtaalamu akacheka kidogo.

"Kumbe na wewe hawakusikilizi."

"Nitamwonyesha moshi asubuhi, madirisha yamefungwa."

"Moshi ataupinga. Atasema kijiti ni kibovu." Akapumzika, maana maneno matatu yalikuwa yanamtoa jasho. "Mwite saa moja asubuhi. Funga kila kitu. Weka vichupa ndani kama vya kazi. Usimwambie habari ya moshi. Mwambie akae."

Nikafanya hivyo hivyo. Nilimdanganya mkuu kwamba mkoa unataka picha yake akiwa kazini kwenye kabati, akaja na suti na mpiga picha yule yule. Dirisha nimefunga, mlango nimefunga, feni inaimba. Ndani nimepanga vichupa sita vya makohozi ya wodini, na kizibo cha kimoja nimekilegeza mbele ya macho yake. Nikavuta kiti.

"Kaa, mzee. Ingiza mikono."

Akasogea. Akashika mgongo wa kiti. Uzi wa Bwana Mtaalamu ulikuwa bado unaning'inia pale, umesimama. Akauangalia. Akaangalia kichupa.

"Hivi ni vya nani?"

"Vya wagonjwa. Kimoja ni cha Bwana Mtaalamu."

"Picha inaweza kupigwa nikiwa nimesimama hapa."

"Hapana, mzee. Mpimaji anakaa. Yeye alikaa masika yote. Kaa dakika tano tu. Si linavuta?"

Mpiga picha alikuwa ameinua kamera. Mkuu akatoa mkono kwenye kiti kama amegusa jiko. Akarudi hatua moja, na nyingine, kitambaa puani, mpaka mgongo ukagonga mlango.

"Kaa wewe!" akanifokea.

"Nimeshasema mimi halivuti. Anayesema linavuta ni wewe."

Akafungua mlango akatoka. Mpiga picha akabaki ananitazama, hajui apige au aache. Kabla ya saa sita mlango wa maabara ulikuwa na kufuli na karatasi: imefungwa kwa matengenezo. Makabati manne hayakutajwa tena. Mimi nilihamishiwa kwenye boila la kufulia mashuka, bila watu chini yangu, na makohozi ya Ukerewe na Sengerema yakawa yanakaa kwenye jua yakingoja gari la kuyapeleka mbali, na wagonjwa wengine walikufa majibu yakiwa njiani. Hilo nalo ni la kwangu.

Jioni ile nikaenda dirishani kumpa habari. Nilikuwa na furaha, sikatai. Nikamweleza yote, suti, kitambaa puani, mgongo kwenye mlango. Bwana Mtaalamu akacheka kweli, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, mpaka kikohozi kikamshika, akainama, muuguzi akaja na bakuli. Nikasubiri. Alipoinuka alikuwa amefuta mdomo, na midomo bado ilikuwa na wekundu.

"Kwa hiyo hakukaa."

"Hakukaa! Hata tako halikugusa."

"Alikwambia ukae wewe."

"Alisema, ndiyo, kwa hasira."

"Na wewe, fundi?" akauliza. "Ulikaa?"

Nikamwambia kazi yangu ni feni.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu alilokuwa anataka kuliandika daftarini, akamwomba muuguzi amgeuze kiti upande wa ukutani.